Macho Mekundu ya Yaya

Katika mji wa Bukavu mama wengi huondoka nyumbani kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Rwanda. Mmoja ateremka sokoni Kadutu na beseni la samaki kichwani. Mwingine avuka Ruzizi kwenda kutafuta faida Kamembe. Mwingine ni mwalimu, mwingine mwuguzi wa zamu. Nyuma yao hubaki mtoto mchanga, naye hubaki mikononi mwa msichana ambaye wengine humwita yaya, wengine boyesi, na wengine, tusifiche, hawamwiti hata kwa jina lake. Huyo ndiye atakayemlisha mtoto, amwoshe, ambebe mgongoni hata jioni. Zile saa ambazo mtoto yu macho, mara nyingi yaya humwona kuliko mama aliyemzaa.

Basi siku moja mama arudi, aona macho ya yaya ni mekundu. Siku ya pili amkuta amelala mchana kweupe, na sufuria ya maharagi imeungua juu ya mbabula. Siku ya tatu jirani amnong'oneza mlangoni: «Mama, huyo msichana wako anavuta bangi.» Tangu saa ile nyumba haina amani tena.

Twaona watu wakikosa hapa kwa njia mbili. Wa kwanza ni yule anayewaka kama moto wa majani makavu: ampiga yaya kofi, amtukana mbele ya watoto, atupa kifurushi chake nje saa mbili za usiku. Wa pili ni yule anayenyamaza. Ajua kwamba kumpata yaya mwingine ni shida, na kesho ni siku ya soko; kwa hiyo asema moyoni, «Labda si kitu», kisha amwacha mtoto palepale. Wa kwanza amemdhulumu msichana, wa pili amemdhulumu mtoto. Wako na wanaofanya yote mawili katika juma moja.

Yafaa tutenge mambo mawili, kama mtu atengavyo mchele na chuya. Jambo la kwanza ni usalama wa mtoto, na kwa hilo mashaka yatosha. Mzazi hana haja ya kungoja shahidi wala kiapo ili amwondoe mtoto penye hatari. Akiona moshi, hangoji kuuona moto. Jambo la pili ni jina la yule msichana, na kwa hilo mashaka hayatoshi, hata yakiwa mengi namna gani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yaeleza katika namba 2477 kwamba anayesadiki kosa la mwenzake bila msingi wa kutosha, hata kama asadiki kimyakimya, amekwisha kuivunja Amri ya Nane. Si lazima aseme neno. Yatosha kuhukumu.

Kwa hiyo siku ile ile ya kwanza mama na afanye lile lililo rahisi: asimwache mtoto na yaya peke yao. Ampeleke kwa bibi yake, au kwa mama wa shirika lenu ambaye yuko nyumbani mchana, au aende naye sokoni. Yaya aambiwe tu: «Leo nitakwenda na mtoto, wewe baki, tengeneza nguo.» Huo si uongo, wala si hukumu. Ni kujipatia siku mbili tatu za kutazama kwa macho yaliyotulia.

Katika kutazama huko tukumbuke habari ya Hana, katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Mama yule alikuwa akisali hekaluni kwa uchungu wa kukosa mtoto. Midomo ilicheza, sauti haikusikika. Kuhani Eli, aliyeketi mlangoni, akamtazama, akakata neno kwamba amelewa, akamkemea. Hana akamjibu kwa adabu kwamba hakunywa divai wala kileo, ila alikuwa akiimimina roho yake mbele ya Mungu. Eli alikosa katika kuona. Lakini tumsifu kwa jambo moja, kwamba alisikiliza jibu, akaligeuza neno lake, na yule aliyemwita mlevi akamwombea baraka. Ni kuhani mzee, mtu wa sala, naye alidanganywa na macho. Sisi je?

Kweli, bangi huyafanya macho kuwa mekundu. Lakini moshi wa kuni na makala huyafanya vivyo hivyo, na ugonjwa wa macho, na kukesha na mtoto anayeota meno, na kulia. Mama wangapi wameuliza kama yaya alilia? Kusinzia nako kuna sababu nyingi: malaria inayoanza, upungufu wa damu, mimba iliyofichwa. Na msichana anayeamka saa kumi na moja za alfajiri na kulala saa tano za usiku hahitaji bangi ili asinzie mchana.

Tuchukue mfano. Mama apanga upya vitu vya nyumbani, aona ndani ya kitambaa cha yaya vidonge vidogo vyeupe vilivyofungwa katika karatasi. Moyo wamruka. Lakini vidonge hivyo vyaweza kuwa phénobarbital, ambayo wengi huijua kwa jina la Gardénal, dawa ya kifafa inayotumika katika vituo vya afya vyetu siku zote. Nayo humfanya mtu awe mzito wa usingizi. Kwa nini avifiche? Kwa sababu ajua kwamba watu wakisikia neno kifafa watamfukuza, wakidhani kwamba ugonjwa huo waambukiza, jambo ambalo si kweli. Hapa pana siri, lakini si uovu. Hata hivyo tazameni kwamba mtoto bado hajawa salama, maana yaya akianguka karibu na moto au na beseni la maji, mtoto aanguka naye. Ndiyo maana twasema mambo ni mawili. Msichana hana kosa hata kidogo, na mtoto hata hivyo asiachwe naye peke yake.

Ishara zinazostahili kuchukuliwa kwa uzito ni zile zinazorudia na zinazoshikana: harufu ya moshi wa bangi nguoni; ulimi mzito usio na homa; kucheka bila sababu, kisha kuduwaa; fedha kidogo kidogo zinazopotea; chupa ndogo za pombe kali chini ya kitanda, au pumzi yenye kanyanga asubuhi; kutoka kila siku saa ile ile bila kusema aendako. Ishara moja si kitu. Mama na aandike katika daftari siku, saa na alichokiona, si alichokidhani. Majirani wawili wakisema neno, awaulize kila mmoja mbali na mwenzake, kama Danieli alivyowatenga wale wazee wawili waliomsingizia Suzana. Mmoja alitaja mti huu, mwingine mti ule, na uongo ukajulikana. Mara nyingine jirani aliyeona kwa macho ni mmoja tu, na wale wengine wanne wamesikia kwake.

Lakini aliye wa kutazamwa kwanza si yaya. Ni mtoto. Mama wengi hupekua kifurushi cha msichana, wasimpekue mtoto aliye mbele yao. Je, analala kuliko ilivyo desturi yake? Je, huamka kwa shida, akalegea kama kitambaa kilicholowa? Je, amepungua uzito? Ana alama mwilini ambazo hakuna awezaye kuzieleza? Humkimbilia yaya kwa furaha, au hujificha nyuma ya mama?

Usingizi wa mtoto twautaja kwanza kwa sababu kuna desturi ya zamani na ya hatari. Huko Uingereza katika karne ya 19, mama walipokwenda kufanya kazi viwandani, watoto waliachwa kwa wanawake wa kuwalinda, na wengi wa hao waliwanywesha dawa tamu iliyoitwa Godfrey's Cordial ili wanyamaze. Ndani yake mlikuwa na afyuni. Watoto walilala, wakalala tena, hawakuomba chakula, wakakonda, na wengi wakafa. Kule Marekani dawa nyingine ya namna hiyo, Mrs. Winslow's Soothing Syrup, ilianza kuuzwa mwaka 1849, nayo ilikuwa na mofini. Ni sheria ya mwaka 1906 iliyowalazimisha watengenezaji kuandika juu ya chupa kilichomo ndani. Wengi wa waliozinunua walikuwa mama waaminifu. Wale walinzi hawakuwa wote watu wabaya. Walikuwa na watoto wengi mno na chupa ilikuwa karibu.

Siku hizi chupa ni nyingine. Katika miji yetu dawa nyingi huuzwa kidonge kimoja kimoja, bila karatasi ya mganga: dawa za usingizi, dawa ya maumivu iitwayo tramadol, shira za kikohozi zinazoleta usingizi. Yaya anayetumia kitu kwa ajili yake mwenyewe huenda siku moja akampa mtoto nusu ili apate kupumzika. Wakubwa wa madawa wa Marekani walionya mwaka 2004 kwamba prométhazine, iliyomo katika shira nyingi, isipewe mtoto aliye chini ya miaka 2, kwa sababu yaweza kuzuia pumzi. Na mwaka 2017 wakakataza tramadol kwa walio chini ya miaka 12. Na tuseme kweli: yuko mama aliyemfundisha yaya desturi hiyo kwa kumpa mtoto mwenyewe kijiko cha shira, ili apate kulala usiku.

Mtoto akikutwa haamki vema, au anavuta pumzi polepole kama anayesahau, au midomo yageuka rangi, msimtapishe, wala msimnyweshe maziwa au mafuta ya mawese, maana vyaweza kuingia mapafuni. Mlazeni ubavu, mkimbie naye hospitali, na mchukue kila chupa na kila karatasi ya vidonge mtakayoiona nyumbani. Yaya naye aende. Yeye ndiye ajuaye alichompa, naye atasema kweli upesi zaidi kama haogopi kupigwa. Twawasihi baba wa nyumba walifikirie hili: kofi moja saa ile laweza kufunga mdomo ambao daktari anauhitaji. Daktari atapima malaria na sukari ya damu pia, kwa sababu hizo nazo humlaza mtoto vivyo hivyo, na huenda mkarudi nyumbani mkijua kwamba yaya hakutenda lolote.

Mwaka 2014 mjini Kampala, baba mmoja aliona alama mwilini mwa binti yake mdogo, akaweka nyumbani kamera ya siri. Picha zikaonyesha yaya akimpiga na kumkanyaga mtoto. Ulimwengu wote ukaziona, na mahakama ikamhukumu yaya huyo kifungo cha miaka 4. Hapo hapakuwa na habari ya madawa. Twaikumbusha kwa sababu baba yule alianza panapofaa, yaani katika mwili wa mtoto. Juu ya kamera yenyewe wasomaji wengi watatuuliza. Mzazi ana haki ya kulinda chumba anamolala mtoto wake, lakini si haki kumchungulia msichana mahali anapooga au kulala, wala kuwapa watu wengine picha zake wacheke katika simu. Tena nyumba nyingi za Kadutu na Bagira hazina umeme wa siku zote. Kamera ya maskini ni kurudi nyumbani saa nne bila kuagana, na mama mzee wa jirani anayepita kuomba chumvi.

Ikiwa siku za kutazama zimepita na mashaka hayakupungua, lazima kusema naye. Bwana Yesu, katika Injili ya Mtakatifu Mateo sura ya 18, atuagiza kwamba ndugu akikosa, tumwendee kwanza tukiwa wawili peke yetu. Mama aseme naye asubuhi, yaya akiwa ameshiba na akili zimetulia. Si usiku, si mbele ya wageni, si mbele ya wanaume wa nyumba. Aanze na alichokiona: «Mwanangu, Jumanne nilikukuta umelala na mtoto yuko karibu na moto. Jana pia. Je, u mgonjwa? Kuna kitu unachokunywa?» Kisha anyamaze, asikilize. Kumvua nguo ili kumpekua ni aibu na ni dhuluma. Na wasimpeleke katika vile vyumba vya sala ambamo msichana wa kazi huingia akiwa mshukiwa na kutoka akiwa mchawi. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yakataza kumsingizia mtoto uchawi.

Sheria hiyo hiyo, ya tarehe 10 Januari 2009, yakataza pia kumwajiri asiyetimiza miaka 16, isipokuwa kwa ruhusa ya pekee. Hapa twaomba kila nyumba ijipime. Mayaya wangapi mjini mwetu wana miaka 13 au 14? Waliletwa kutoka Kabare, Walungu au Kalehe. Wengine walikuja wakikimbia vita, wakapewa mtoto mgongoni siku ile ile waliyofika. Hapo mashaka yetu ni juu ya mtoto anayelea mtoto. Akiwa ameonja bangi, swali la kwanza si «Umethubutu namna gani?» bali «Nani alikuonjesha?» Jibu laweza kuumiza. Huenda ni kijana wa nyumba hiyo hiyo, mwana wa mama anayemwuliza. Huenda ni mwanamume aliyempa kileo ili apate lingine kwake. Mama akisikia hivyo, asimfunge mdomo ili kuificha aibu ya ukoo. Amchukue msichana kwa daktari, na mahali pengine pa kulala usiku huo huo.

Ninyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, ninyi mara nyingi mwaona kabla ya wazazi, maana mwarudi nyumbani saa saba. Mkiona jambo, mwambieni mama kwa siri. Msimtishie yaya kwamba «nitakusema» ili awafulie nguo au awape sukari. Hiyo ni biashara mbaya, na twajua yafanyika.

Akikiri, basi kazi ya kulea mtoto imekwisha kwa wakati ule. Hapo hatuna maneno mawili. Machozi na ahadi hazimrudishii mtu mtoto mchanga mikononi siku ya pili, kwa sababu tamaa ya kileo na madawa haiondoki kwa ahadi. Katekisimu, namba 2291, yasema kwamba kutumia madawa ya kulevya pasipo haja ya uganga ni kosa zito. Lakini kosa zito si mwisho wa mtu. Tarehe 1 Oktoba 2000 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliwatangaza kuwa watakatifu, katika Misa moja, Yosefina Bakhita na wafiadini 120 wa China. Bakhita, mzaliwa wa Darfur aliyeuzwa utumwani, alikuwa yaya huko Italia, akimlea mtoto Mimmina wa nyumba ya Michieli. Na kati ya Wachina wale yumo Marko Ji Tianxiang, tabibu aliyewatibu maskini bila malipo. Alianza kutumia afyuni kwa ajili ya maumivu ya tumbo, nayo ikamshika. Aliungama dhambi ile ile mara nyingi hata akanyimwa Sakramenti. Muda wa miaka 30 hakukomunika, wala hakuacha kwenda kanisani. Mwaka 1900 aliuawa kwa ajili ya imani pamoja na jamaa zake. Yaya na mtumwa wa afyuni waliandikwa siku moja katika orodha ya watakatifu. Sisi tusiwatupe wote wawili mlangoni katika mtu mmoja.

Msaada wapatikana. Mabruda wa Mapendo, shirika alilolianzisha Padri Triest mjini Ghent mwaka 1807, wanayo hapa Bukavu nyumba ya Sosame kwa wagonjwa wa akili. Humo wanajua kwamba ulevi ni ugonjwa wenye matibabu. Mama wa shirika waweza kumsindikiza, asiende peke yake. Ikiwa nyumba ina kazi nyingine isiyo ya kulea, na ina nguvu ya kumvumilia, itafanya jambo kubwa. Ikiwa haina, hatuwezi kuilazimisha.

Kama ni kumwachisha, aachishwe mchana, alipwe siku zake zote alizofanya kazi, hata zile alizosinzia, na mtu mzima amfikishe mikononi mwa jamaa yake. Kumtoa msichana nje usiku katika mji huu ni kumpeleka kwa wale wanaomngoja.

Labaki swali linaloletwa mara nyingi: mama mwingine akimchukua, niseme au ninyamaze? Kutangaza sokoni kosa la kweli bila sababu ya haki ni dhambi ya masengenyo, ijapokuwa kila neno ni kweli. Lakini kumwacha mama mwingine gizani nako si upendo. Mwambie yeye tu, nawe useme uliyoyaona kwa macho yako, pamoja na mema ya msichana, maana hayakosi. Ikiwa amemchukua ili amsaidie kuuza makala, si lazima ajue. Ikiwa amemchukua abaki nyumbani na mtoto wa miezi saba, usingoje Jumapili. Nenda leo jioni, kabla hajaondoka kesho kwenda sokoni.